Saa Arobaini na Nane za Bi Hakikisha

Kitu hakitoki mezani bila kujaribiwa. Kanuni hiyo fundi huyu wa pasi, feni na birika za umeme aliishika kwa miaka ishirini na mmoja, na ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima unamwita Bi Hakikisha. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti. Ukimpelekea pasi, atakaza skrubu ya mwisho, ataichomeka, atanyoosha nayo kitambaa chake cha majaribio pande zote mbili, ndipo akukabidhi.

"Dada, nachelewa kazini," muuza viatu alimlalamikia asubuhi moja.

"Chelewa na pasi nzima," alijibu bila kuinua kichwa. "Au wahi na mbovu, kesho urudi kunitukana."

Wiki hiyo mwenyewe hakuwa ametulia. Kaka yake, mpishi wa meli za mizigo, angepita nyumbani Jumapili, saa sita mchana hadi saa kumi, meli ikipakia. Ilikuwa miaka tisa tangu aondoke. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa katikati ya bahari, na habari zilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Picha za mama alikuwa nazo. Alichokitaka ni kingine.

"Nimeanza kusahau alivyokuwa anatembea," alimwambia dada yake kwenye simu. "Nikifumba macho namwona amesimama tu, kama kwenye kitambulisho."

Mama akitembea alikuwa amebaki mahali pamoja tu. Zamani, Bi Hakikisha akiwa bado hajaanza shule, wapiga filamu walikuja sokoni wakamwomba mama yao apite na kikapu mbele ya kamera. Walimwonya asiitazame. Alipita na ule mwendo wake wa kuburuta kidogo mguu wa kushoto, akafika katikati, akaitazama kamera, akacheka. Hawakukikata kipande hicho. Nyumbani walikuwa na kanda ya filamu ile, mpaka deki ya video ilipoitafuna.

"Mbona ipo," mumewe, msoma mita za maji, alisema Jumatatu akipekua simu ya mkewe. "Unalipa, unaipakua, unaangalia."

"Inakuwa yetu?"

"Hawauzi. Wanakodisha. Siku thelathini."

"Zinatosha. Lipa."

Chini ya zile siku thelathini palikuwa na mstari mwingine, kwa herufi za kupimia macho, ambao wote wawili hawakuusoma: ukishaianza filamu, unabaki na saa arobaini na nane. Sharti linalobadili ahadi halifai kuandikwa kwa herufi ndogo kuliko ahadi yenyewe. Lakini ndivyo lilivyoandikwa, na walipobonyeza "nakubali" walikuwa wamelikubali.

Kupakua kukawa kazi. Filamu ilifika asilimia tisini na sita, mtandao ukakatika, ikaanza upya. Kifurushi kikaisha, wakaongeza kingine. Bi Hakikisha alifungua feni, akaitazama simu, akasahau alikoweka skrubu, akaitafuta kwa magoti, akaitazama simu tena.

"Utaitoboa kwa macho," mumewe alimwambia.

"Ikigoma Jumapili utamweleza wewe shemeji yako?"

Ijumaa, saa tano asubuhi, ikakamilika. Mtu mwingine angeiacha hivyo hivyo mpaka Jumapili. Yeye alijifuta grisi mikononi, akaiegemeza simu kwenye birika isiyo na mfuniko, akaianzisha. Picha safi, sauti safi. Akaisogeza mbele mpaka sokoni, na mama yao akapita na kikapu, akaitazama kamera, akacheka. Bi Hakikisha alijaribu kunasa picha ya kioo kwa simu hiyo hiyo. Ikatoka nyeusi, maana wenye filamu wamezuia. Hakurudia kuitazama. Alitaka kuirudia na kaka yake, mara kumi akipenda. Akaizima. Dakika tatu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Jumapili asubuhi hakuigusa simu. Ilikuwa imeshajaribiwa.

Kaka alifika saa sita na robo, jasho hadi kwenye mkanda.

"Umenenepa," dada yake alimwambia akimpokea begi.

"Mpishi akikonda, mabaharia wataogopa chakula."

Walikaa. Shemeji mtu akaunganisha simu na televisheni kwa waya, akabonyeza. Maandishi yakatokea: Muda wako wa kukodi umekwisha.

"Umekwisha vipi na hatujaanza?" kaka akauliza.

"Mimi nilianza," Bi Hakikisha akasema. "Ijumaa. Niliijaribu."

Akainuka, akachomoa waya, akauchomeka tena, kana kwamba ni pasi. Maandishi yakarudi yale yale.

"Tuikodi upya, tusigombane na mashine," mumewe akasema, akatafuta. Filamu haikuwepo. Kampuni ilikuwa imeiondoa mwisho wa mwezi, na mwezi ulikwisha jana. Akawaandikia. Jibu lilikuja haraka, na kaka akalisoma kwa sauti: "Tunasikitika kwa usumbufu. Je, ungependa kuona nyingine zinazofanana na hii?"

Akaiweka simu chini. "Zinazofanana na mama?"

Zamani, kwenye duka la kanda la kona, ungegonga dirisha ukamwambia mwenye duka niongezee hata lisaa limoja, kaka yangu ana safari; angenung'unika, angeongeza. Hapa hapakuwa na dirisha la kugonga. Bi Hakikisha alizunguka meza mara mbili. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro.

"Lakini wewe ulimwona," kaka akasema.

"Nilimwona."

"Nionyeshe basi."

Alichukua kikapu cha nguo chafu, akakiegemeza kiunoni, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Kaka alicheka. Akamwomba arudie. Mara ya tatu hakucheka.

"Mguu ndio huo," akasema. "Mabega sijui. Mabega naona ni yako."

"Hata mimi sina hakika tena."

Saa kumi kasoro kumi kaka alibeba begi lake. Jumatatu Bi Hakikisha alikuwa mezani, akijaribu pasi za watu kama kawaida, maana pasi ikijaribiwa hubaki kuwa pasi. Ila kila jioni huingia kwenye simu kuitafuta filamu ile, na mpaka leo haijarudi. Dakika tatu za Ijumaa zilimgharimu kaka yake nafasi ya kumwona mama yao akitembea.