Bajaji Inayochoka

Dada yangu anaishi kijijini, mbele kidogo ya Mwanhuzi, na kwa miaka mingi nilimtembelea bila kumaliza kula kwake.

Kwa Kisukuma mimi humwita ilumbu, naye huniita ilumbu vilevile. Ndivyo kaka na dada wanavyoitana. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliolewa huko wilayani Meatu nikiwa bado nachunga ndama, na tangu siku hiyo kati yetu pamekuwa na barabara. Nilipokuwa katekista nilifuata ratiba ya kanisa. Nilipostaafu nikawa nafuata ratiba ya wenye magari. Dereva wa kukodi hakai. Anageuza gari palepale uani, linatazama lilikotoka, na injini anaiacha ikiunguruma. Dada anainjika sufuria, maji hayajachemka, honi inalia. Mara moja alinisindikiza mpaka mlangoni mwa gari akiwa na mwiko mkononi.

"Ilumbu," aliniambia, "huwa unakuja kunisalimia au kunihesabu?"

Gari zima lilicheka, na mimi nikacheka. Lakini tulipofika barabara kuu kicheko kilikuwa kimeniishia. Nilitamani jambo dogo tu: nile ugali wake mpaka mwisho, kisha tusali rozari nzima, mimi nikitangulia na yeye akiitikia, kama tulivyofanya nyumbani kwa mama. Kila tulipoianza, honi ilitukuta kwenye tendo la pili kati ya matano. Na macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Kisha binti yangu, anayeuza maziwa mjini Bariadi, akanunua bajaji ya umeme. Haina moshi wala mlio. Siku ya kwanza alipoileta kwangu Ngulyati, kuku hawakuikimbia. Ilibidi ashuke awafukuze kwa mkono. Huichaji nyumbani kama mtu anavyochaji simu.

"Baba, Jumamosi nakupeleka kwa shangazi," alisema.

"Itafika?"

"Itafika. Ikichoka tutapumzika."

Neno hilo lilinirudisha mbali. Baba alikuwa akimpelekea dada mtama kwa mkokoteni wa maksai, nami nikikaa juu ya magunia. Maksai hawakuweza kwenda safari ile kwa mkupuo mmoja. Karibu na Nkoma palikuwa na kaya yenye lambo la kunyweshea mifugo, na hapo baba alifungua nira. Tulipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Wazee waliulizana habari za mvua na za wagonjwa. Hakuna aliyetuuliza tutaondoka saa ngapi, maana jibu walikuwa nalo maksai.

Jumamosi ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Pamba ilikuwa ndiyo kwanza inachipua, na watu walikuwa mashambani. Barabara ilikuwa na tope, na bajaji ilivuta kwa shida. Tulipokaribia Nkoma binti yangu akawa anatazama kila mara kile kioo kidogo kinachoonyesha chaji.

"Kata kushoto," nilimwambia. "Pale kwenye lambo."

Lambo lilikuwapo bado, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Kaya ilikuwa na nyumba ya bati, na juu ya bati paneli za sola zimepangwa mstari, za kuendeshea mashine ya kusaga. Akatoka mama mmoja wa makamo yangu, mikono imejaa unga.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia yule mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Mmeharibikiwa?"

"Hapana. Imechoka."

Akaizunguka bajaji, akaipapasa ubavuni kama anayekagua mtamba. "Kwani inakula nini hii?"

"Jua, mama," binti yangu akajibu, akizionyesha paneli za juu ya bati.

Yule mama akatazama juu. "Basi leo italala na njaa."

Hata hivyo alizima mashine yake, akatupa nafasi ya kuchomeka waya. Chaji ilipanda taratibu kama mzee anayepanda kilima. Nilikaa kwenye kigoda, rozari mfukoni, nikajikuta katika hali ambayo sikuwahi kuifikiria katika miaka yangu yote ya kufundisha sala. Watu wa nchi nzima ile walikuwa wanamwomba Mungu mvua iendelee. Mimi peke yangu nilitaka jua. Nilianza Baba Yetu, na nilipofika pale tunapomwachia Mungu mapenzi yake, nikasita. Kisha nikaendelea, kwa sauti ya chini. Mvua ikanyesha.

Tulikula michembe na karanga. Yule mama alituambia kwamba aliolewa pale, na kwamba marehemu baba mkwe wake alipenda kusimulia habari za wasafiri wa zamani. "Alikuwapo mzee mmoja wa Ngulyati," alisema, "alikuwa na maksai wa pembe moja. Mkaidi! Alikula mahindi ya mama mkwe mpaka kwenye mabua."

Maksai yule nilimchunga mimi.

Alasiri binti yangu aliniita kando. "Baba, chaji iliyopo inatosha kurudi nyumbani, au inatosha kufika kwa shangazi. Kote kuwili haitoshi. Na kule kijijini ana kisola cha taa tu."

"Na maziwa yako?"

Alifikiri. "Wateja nitawapigia simu."

"Basi twende mbele."

Yule mama alitufungia michembe kwenye khanga. "Jua likigoma," alisema, "mtapalilia pamba ya wenyeji wenu mpaka litoke."

Tulipita Mwanhuzi bila kusimama, giza lisitukute njiani, tukaingia kwa dada jioni, bila mlio. Alikuwa anapepeta mtama uani, akadhani ni upepo, mpaka nilipokohoa. Hakutuuliza tunaondoka saa ngapi. Aliweka mkono kwenye bodi ya bajaji, akaikuta kimya na baridi, akaingia jikoni kuinjika sufuria.

Betri ilipaswa kupelekwa mjini Mwanhuzi kuchajiwa. Wajukuu wa dada waliipakia kwenye mkokoteni wa maksai, na binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mvua ilikuwa imejaza korongo lile tulilolivuka tukija, mkokoteni ukarudi na betri yake. Tukangoja maji yapungue. Nilikula ugali wake, asubuhi na jioni, kwa mlenda na kwa nsansa, zile mboga za majani zilizokaushwa, mpaka mwisho. Tulisali rozari nzima, matendo yote, na alipotaka tukarudia. Nilishukuru kwa mvua ile ambayo nilisita kuipokea.

Sasa binti yangu ameweka betri mpya, kubwa, na mjini Mwanhuzi wamefungua mahali pa kuchajia haraka. "Baba," ananiambia, "siku hizi tunaweza kwenda kwa shangazi na kurudi siku hiyohiyo." Namshukuru Mungu kwa hilo. Ni chombo kizuri, na hewa ya uani kwangu ni safi. Lakini nilipompigia dada simu kumwambia tunakuja, aliuliza kwanza:

"Mnakuja na ile inayochoka?"

"Ndiyo hiyohiyo, ilumbu. Ila haichoki tena."

Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Saa yeye huipima kwa masikio.

"Basi ngojeni," alisema. "Mje korongo likianza kujaa."

Binti yangu anasema shangazi anatania. Mimi nimemwomba tungoje. Msimu huu mvua imechelewa, mawingu yanakuja na kupita, na kila asubuhi naketi mlangoni nikitazama upande wa Meatu. Safari hii naomba mvua bila kusita.