Kitambaa cha Verlene Moultrie

Kwa miaka kumi na tisa Verlene Moultrie alisuka na kuchana vichwa vya waigizaji weusi wa tamthilia pale Atlanta, na hakuwahi kuandaa kichwa cha mwanamke mweusi anayeamka kando ya mpenzi wake. Aliwaandaa mayaya, manesi wakali, na marafiki wa kumfariji msichana wa Kizungu aliyeachwa.

Jumanne ile ikawa zamu ya Keziah Broadnax. Misimu minne alikuwa rafiki mshauri. Sasa waandishi walimpa mwanamume, na asubuhi moja kitandani. Verlene alimsokota nywele, akamfunga kitambaa cha satini cha kulindia nywele wakati wa kulala, kama alivyojifunga yeye mwenyewe usiku uliopita.

Mwongozaji, Grady Whitlock, alisimamisha kamera.

"Toa hicho kitambaa. Anaonekana mtumishi wa ndani."

"Anaonekana mtu aliyelala kwake," Verlene alisema.

"Nataka nywele zimwagike kwenye mto. Haya ni mapenzi, Verlene, si siku ya kufua."

"Nikilala hivyo, Bwana Grady," Keziah akadakia, "ndege watataga humu."

Sisi wa nyuma ya kamera tulicheka. Grady hakucheka.

"Tutapiga mara mbili. Kwanza nacho, halafu bila. Nitachagua baadaye. Mkinibishia, nakata kipande chote."

Sote tulijua angechagua kipi.

Wakapiga ya kwanza. Keziah aliamka, na mwenzake akamnyooshea ukingo wa kitambaa uliopanda juu ya sikio. Hata mafundi wa taa waliacha kazi wakatazama.

Ilikuwa saa tano na nusu, na nyumba tuliyoazimwa ilitakiwa irudishwe kwa mwenyewe saa sita kamili. Verlene akamkalisha Keziah, akaanza kufumua. Alifumua msokoto mmoja. Akauchana. Akapaka mafuta. Ndipo akashika wa pili.

"Bi Verlene," Keziah alinong'ona, "kwa mwendo huu hatufiki."

"Tulia, mwanangu. Kichwa hiki hakivutwivutwi."

"Na akikata?"

Verlene akachukua mafuta, akaupaka ule wa pili taratibu.

Grady alikuja mlangoni mara tatu. Mara ya tatu zilibaki dakika tano.

"Bado kiasi gani?"

"Nusu."

Akamkazia macho. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza kazi hiyo huchukua muda gani, kwa hiyo hakuwa na la kubishia.

"Ile ya kwanza ni nzuri mno, siwezi kuitupa," alisema kwa shingo upande. "Inabaki. Na kitambaa chake. Ila wewe, kuanzia kesho usije."

Akaondoka. Keziah akaruka kutoka kitini.

"Namfuata! Hawezi kukufukuza kwa ajili yangu!"

"Kaa chini. Unataka kutoka nje na nusu kichwa?"

Keziah alikaa, machozi yakimlengalenga. Verlene alichukua msokoto uliofuata, na sasa vidole vyake vilikwenda upesi sana.