Kidole cha Papa Blanchard

"Ule muzee wa kule juu anakamataka mwangaza ya damu ya watu. Hiyo njo chakula yake," Maman Consolate alimwambia Rosalie pale robinet, kwenye bomba la maji, macho kwa mtoto Rosalie aliyembeba mgongoni. "Na kale katoto, usipande kwake!"

Rosalie akacheka kidogo. Saa ya mchana akapanda kwa yule jirani kama kawaida, sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza mkononi.

Papa Blanchard, fundi wa radio, hakuwa ameshuka tangu mvua ilipomtelezesha kwenye ngazi za udongo, akavunjika nyonga. Kadutu, mtaa wao, ni mteremko mtupu; kwa mtu wa magongo, ngazi mia moja ni ukuta. Dunia yake ilibaki kitanda, meza, na dirisha linalotazama mabati ya wengine.

"Niko kama panya ndani ya bidon ya maji," alisema.

Mezani palikuwa na mashine ya kupimia oksijeni ya damu, mali ya centre de santé, zahanati ya mtaa. Mwangaza mwekundu hupita ndani ya nyama ya kidole. Ng'ambo, kijicho kinageuza mwangaza kuwa umeme, mdogo kama mnong'ono, kisha kadude keusi kenye miguu minane kanaukuza. Kiasi cha kukuza kinatoka kwa rezistansi moja, kipande kidogo cha kuzuia umeme. Ile ya zamani iliungua. Akaweka nyingine, akajipima kidole, ikasoma vizuri. Lakini infirmière, muuguzi wa pale, aliirudisha: kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao haikusoma kitu. Na centre haikuwa na mashine nyingine.

"Kosa ni hii," akainua kidole, kigumu kama ukwato wa mbuzi, kimeunguzwa na risasi ya kuchomelea nyaya miaka thelathini. "Haipitishi mwangaza. Nikakuza sana ili jicho isikie. Sasa kwa katoto, ngozi kama karatasi, mwangaza inaingia mingi, kale kadude kanajaa mpaka kanakuwa kiziwi."

Alikuwa ameshabadilisha rezistansi, kukuza kukapungua. Ilibaki kujaribu kwa mtoto. Infirmière angekuja kesho asubuhi, na tangu yale maneno yaanze kuenea pale robinet, hakuna mama mwingine aliyepanda na mtoto.

Rosalie alisikia pumzi ya mwanawe shingoni. Akatazama mlango.

Papa Blanchard hakumgusa mtoto. Aliweka kibano cha mashine katika kiganja cha Rosalie.

"Mwanangu, umuvalishe kwa mguu, wewe mwenyewe. Dakika moja tu. Akilia, utoe."