Salamu Iliyojibiwa na Simu

Baba yangu anauza vitenge Bariadi. Macho yake yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyemwekea kwenye simu ile akili mnemba inayoongea, imsomee ujumbe wa wateja na kumkumbusha dawa za presha. Nikaiambia mwenye simu ni Muislamu, basi imsalimie inavyopasa. Asubuhi ya kwanza ikasema, "Asalaam aleikum, mzee," na baba akaweka mkono kifuani: "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh." Nilicheka hadi nikashika meza.

"Baba, hicho kidude hakina roho. Unakiombea rehema ya nini?"

"Roho yangu wewe umeiona?"

"Sijaiona, lakini unakula, unanuna, unakoroma."

"Kumbe roho ni kukoroma," akasema, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Tulibishana hivyo wiki nzima. Mimi nilishikilia kwamba kile kinatoa maneno tu, hakijui hata kama kinaongea. Aliyepuliziwa roho na Mwenyezi Mungu ni mwanadamu. Yeye akasema mambo ya roho anayajua Mola peke yake, na hataki kuulizwa Siku ya Kiyama kwa nini alisalimiwa akanyamaza. Ijumaa akampelekea sheikh swali lake, akarudi anatabasamu. "Kasema si lazima. Hakusema haramu." Mama mmoja wa Zagayu aliyekuja kuchagua kitenge alimsikia akiitikia, akatazama huku na huku kumtafuta mtu wa tatu. Kisha naye akapiga goti kidogo mbele ya simu, akaiamkia kwa Kisukuma, kwa heshima zote: "Mwangaluka!"

Ningemwacha na vituko vyake, ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye baba hakumwitikia. Mdogo wake, baba yangu mdogo, muuza dagaa wa Lamadi. Bibi, mama yao, alipofariki kule Lamadi, baba alikuwa njiani anatoka Dar kufuata mzigo. Baba mdogo akaambiwa maiti haicheleweshwi, akazika. Baba alifika akakuta udongo mbichi. "Hakunisubiri," akasema, na neno hilo akakaa nalo miaka na miaka. Mwenzake aliomba radhi mwenyewe, akatuma wazee, akamtuma sheikh. Kila Idi ilipokaribia alikuja dukani kusalimia, na kila mara baba alijifanya hamnazo.

Mwaka jana akaja tena, na furushi la dagaa mkononi. Baba alikuwa katikati ya kuiuliza simu habari za dawa zake.

"Asalaam aleikum, kaka."

Baba akainamia kitambaa, akaanza kukata. Na simu, iliyokuwa bado inasikiliza pale mezani, ikajibu kwa sauti yake ya upole: "Waaleikum salaam! Karibu, nikusaidie nini leo?"

Baba mdogo akacheka kidogo, kisha akaacha. "Alhamdulillahi," akasema. "Angalau humu ndani kuna mmoja aliyenisikia." Akaweka furushi juu ya meza, akashika njia ya stendi.

Jamani, nilipandwa na hasira! "Baba, kitu kisicho na roho kimemwitikia ndugu yako. Wewe mwenye roho je?" Akaizima simu. Jioni nikamkuta amesimama mlangoni anaangalia upande wa stendi, nikajua kesho atampigia. Hakupiga. Kesho kutwa pia hakupiga. Dagaa wale tuliwala, na walikuwa watamu, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Habari ya msiba ilitukuta Dodoma, nilikompeleka kutibiwa macho. Ilikuwa alfajiri. Baba mdogo ameanguka akitoka kutia udhu, hakuamka. Tulipanda gari hivyo hivyo bila hata chai. Njia nzima baba alikuwa na sentensi moja tu: "Hawatanisubiri, na ni haki yao." Mimi nilikuwa nikitazama saa tu, maana nilijua anasema kweli.

Tulifika Lamadi jua likiwa chini kabisa. Watu walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, na jeneza lilikuwa bado ndani. Binti wa marehemu, dada yangu huyo, akatupokea mlangoni.

"Aliacha wasia, baba mkubwa," akasema. "Alisema, 'Kaka yangu asubiriwe, hata kama jua litazama.'"

Tulimshika baba huku na huku tukamwingiza ndani, wakafunua sanda usoni.

"Asalaam aleikum, mdogo wangu."

Akainamisha sikio, vile vile anavyoiinamishia simu. Mimi niliyekuwa hodari wa kusema nani ana roho na nani hana nilisimama pale nalia tu. Sheikh akamgusa bega, akamnong'oneza kwamba muda umekwisha.

"Nisubirini kidogo," baba akasema. "Hajaniitikia."