Chupa Iliyolazwa Chini ya Mtungi

Kama mnadhani natia chumvi, nendeni Nandagala mkaulize habari za uraka wa Lusia. Kwa kukamua mabibo yawe pombe hana mpinzani. Uraka wake uliwahi kumwimbisha mbuzi, tena mbuzi asiye na sauti. Lakini Desemba ile mwanamke huyo alishindwa na chupa moja tu, nayo si yake.

Ilikuwa ya mwalimu Winfrida, mpangaji wake kutoka Dodoma. Ndani mlikuwa na mvinyo wa mwisho aliotengeneza baba yake kabla hajafariki, uliowekwa kwa ajili ya siku bintiye atakayovishwa pete. Mwalimu alikuwa anakwenda likizo, na chumba chake cha bati kiliwaka kama tanuri.

"Bibi, nakuachia wewe. Ilaze, usiisimamishe. Iwe penye giza na ubaridi. Usiitikise, usiifungue mpaka nirudi Januari."

"Nimekusikia, mwalimu," akajibu Lusia, na hakuwa ameelewa hata moja.

Maana uraka husimama, tena hufunikwa kilegevu upate kupumua. Marehemu mumewe, Apolinari, aliwahi kuuziba kwa kukaza kwenye chupa. Ikalipuka, ikambeba jogoo mpaka Nachingwea, naye jogoo akarudi kesho yake kwa basi. Sasa hii iliyozibwa kabisa kwa kizibo cha gome, ikalazwa kama mgonjwa, itapumulia wapi?

Hata hivyo aliilaza kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, mahali anapopumzikia chura. Kila asubuhi alipiga magoti, akatega sikio. Uraka huchemka, huongea. Chupa ilikuwa kimya.

"Lusia, unaibembeleza ilale?" jirani yake Zulekha akamcheka.

"Nyamaza wewe! Nadhani imekufa."

"Basi tuchimbe kaburi, mimi nilete sanda."

Siku ya tisa akashindwa kuvumilia. Akachota upawa wa uraka mpya wa kuifufulia, akashika msumari wa kutobolea kile kizibo. Ncha ilipogusa gome, akamkumbuka mwalimu alivyoifuta ile chupa kwa kanga kama anamfuta mtu uso. Mkono ukakataa. Uraka akaunywa mwenyewe, msumari akautupa shambani.

Januari, Winfrida akarudi, na mchumba wake Fidelis akaja na ndugu zake kutoka Ruangwa mjini. Pete ikavishwa, chupa ikazibuliwa. Winfrida akanywa, akafumba macho, machozi yakamtoka.

Lusia akapewa kikombe. Akaonja. Uchungu! Hakuna utamu, ulimi umekauka kama wa aliyekula bibo bichi. Akapiga magoti mbele ya watu.

"Nisamehe, mwanangu. Mvinyo wa baba yako umeniharibikia mikononi. Niliusikia ukifa."

"Bibi, inuka! Ndivyo ulivyo. Ndivyo alivyoutengeneza baba."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Wageni wote wakasifu, wakaomba tena. Lusia akawatazama mmoja mmoja, akaona wana adabu sana hawa watu, wanamsitiri. Mpaka leo hajui mwalimu alilia kwa sababu gani.

Mwalimu akamwachia chupa tupu kwa shukrani. Lusia akaiosha, akaijaza uraka, akaziba kwa gunzi kilegevu, akaisimamisha. Kisha akasita. Akailaza kidogo.

Zulekha akamfunga jogoo wake ndani.