Nililitoa Mimi Daftari la Marehemu

Nianze na la aibu, nisije nikapata nafasi ya kulizunguka. Daftari halikuibiwa wala halikupotea. Nililitoa mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na wakati nalitoa nilikuwa nacheka.

Majina nimeyabadilisha yote, maana Malindi ni mji wa kujuana. Langu silitaji. Mimi ni mtu mzima sasa, na haya ni ya miaka ya themanini, kabla daraja la Kilifi halijajengwa. Lakini wallahi yananichoma kama ya juzi!

Nilikuwa na shoga yangu, nimwite Rukia. Tumekua naye mtaa mmoja, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa na mwalimu mmoja. Kwao nilikuwa siingii kwa mlango wa mbele. Napita uani, nafunua sufuria, naonja, naye ananigombeza: "We mwanamke, hebu nawa mikono kwanza!" Hata alipoolewa, mambo yalikuwa yale yale.

Mumewe, Swaleh, alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka. Mkono wake ulikuwa hauna mfano. Herufi ya R alikuwa akiivuta mguu mrefu mpaka chini ya herufi ya pili, na watu wa mjini walikuwa wakiona mguu ule wanasema, "Hii ya Swaleh."

Sasa, wale wawili walikuwa na mchezo wao, na mimi mdoezi wakanitia ndani. Wanachukua maneno ya msimu, labda Ramadhani, labda Maulidi, wanayaandika herufi moja moja kwenye vipande vya boksi la majani ya chai. Halafu wanavipangua na kuvipanga upya mpaka yatoke maneno mengine yenye maana. Sharti lilikuwa moja: herufi isibaki na herufi isiongezwe. Saumu ikikaza, alasiri yote ilikuwa ikipita hapo mkekani, mara tukastukia adhana ya magharibi.

Swaleh alikuwa bingwa. Siku moja, mkesha wa Idi, jogoo wa kuchinjwa amefungwa pale pale uani, akapangua "Sikukuu" akatoa "U si kuku". Akamwonesha jogoo! Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Tulipokuwa tukijitayarisha kwenda Maulidi ya Mambrui, akatoa "Mila, udi". Kwenye "Ramadhani" akapata "na dhamira", akasema mtu asifunge kwa tumbo peke yake, afunge Ramadhani na dhamira. Alipotoa "Dini, jema" kwenye "Idi njema", Rukia akaruka: "Dini huwa njema, haiwi jema! Futa hiyo!" Swaleh hakufuta. Aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, "Mwenye nyumba amekataa."

Yote hayo aliyaandika kwenye daftari moja la jalada jeusi, kwa ule mkono wake, kwa wino mzuri. Kulikuwa na ukurasa mmoja Rukia alinionesha mara moja tu, akalifunga upesi. Ulikuwa wa Idi yao ya kwanza baada ya harusi. Juu umeandikwa "Idi mubarak", na chini yake, ukurasa mzima, "Baki, muradi". Basi.

Masika yale Swaleh alipanda ngazi kuandika jina la duka, mvua imetoka kunyesha, ngazi ikateleza. Hakumaliza siku tatu. Ilikuwa katikati ya Rajabu.

Rukia akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hana udi, hana marashi, hana wanja. Mimi nilikuwa nikienda kila siku baada ya kushona kofia zangu, nikakaa naye. Wiki ya pili akaniita chumbani, akalitoa lile daftari chini ya godoro.

"Mama mkwe anakuja kesho kukusanya vitu vya mwanawe," akaniambia. "Akiona herufi hizi zilivyopangwa mirabamiraba, ataapa ni talasimu. Atasema ndizo nilizomlogea mwanawe. Atalitia motoni, shoga, namjua. Niwekee mpaka nitoke eda. Ni mkono wake tu niliobakiwa nao."

"Amana," nikasema.

"Amana?"

"Wallahi, amana ya Mungu."

Nikalifunika na buibui nikaenda nalo. Nikaliweka kwenye sanduku langu, chini ya nguo. Laiti ningelitupa ufunguo!

Hapa ndipo penye upumbavu wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, na mtaani walishaanza kuniuliza kwa macho. Kulikuwa na kijana mmoja, nimwite Fesali, muuzaji wa duka la vitabu na kadi. Ulimi wake, jamani! Nikienda kununua uzi ananiita dukani kwake, ananipa kiti, ananiuliza habari za mama. Mara moja, mbili, akaanza kusema, "Baada ya Idi nitaleta watu kwenu." Nami nikasadiki kila herufi.

Ramadhani ilipoingia kumi la mwisho nikamkuta amenuna. Kadi za Idi kutoka Mombasa hazijafika, njia imekatika kwa mvua, na watu wanaulizia. Nami, kwa kutaka nionekane mwanamke mwenye akili, nikafungua mdomo. Nikamhadithia mchezo. Nikamtajia "U si kuku", akacheka. Nikamtajia "Na dhamira", akanitazama vile ambavyo hakuwahi kunitazama.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Ninalo daftari zima."

Loo, ulimi wangu! Si langu, na nimesema ninalo!

"Niletee nilione," akasema. "Siku mbili tu. Nataka kuandika kadi moja ya heshima, ije kwenu pamoja na posa."

Posa! Neno hilo lilinilevya. Nilikwenda nyumbani mbio, nikafungua sanduku, na nikisema kweli yangu, mkono ulisita kidogo. Nilijiambia siku mbili si kitu, Rukia yuko ndani, hatajua. Nikampelekea. Akanichekea, nami nikacheka.

Siku mbili zikawa nne. Nikiuliza, ananiambia, "Wewe nawe, huniamini?" Nikaona haya kuuliza tena.

Idi mosi ikapita. Idi pili nilikuwa kwa Rukia, nimempelekea kaimati. Tumekaa mkekani, akaingia Bi Zuhura, jirani, mama mtu mzima mwenye huruma zake. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatoa bahasha ndani ya leso.

"Nimekuletea kadi, mwanangu," akamwambia Rukia. "Nimeiona nzuri, nikasema ikuliwaze. Na wewe upate Idi yako."

Rukia akaifungua. Ilikuwa karatasi ngumu ya kijani, na katikati kimebandikwa kipande cha karatasi nyeupe ya mistari, kimekatwa kwa mkasi. Kimeandikwa "Ramadhani, na dhamira". Na mguu wa R umevutwa mrefu.

Rukia hakulia. Aliuweka mkono juu ya yale maandishi, taratibu, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Halafu akainua kadi akainusa. Nini alitarajia kunusa, maskini ya Mungu? Ilinuka gundi.

"Bi Zuhura, hii umeipata wapi?"

"Duka la vitabu, mwanangu. Watu wamezichukua zikaisha, si mchezo! Yule kijana ana mkono mzuri, kumbe."

Rukia akanigeukia. "Shoga, daftari liko wapi?"

Na mimi, badala ya kuanguka miguuni pake, nikasema, "Liko nyumbani. Sandukuni."

"Kaniletee."

Nikatoka. Sikwenda nyumbani, nilikwenda dukani moja kwa moja, mtandio unaburuzika nyuma. Fesali alikuwa amekaa anatafuna karanga. Nikamwambia nipe daftari. Akainama chini ya meza, akaniwekea mbele majalada mawili meusi. Ndani hamna hata ukurasa!

"Umefanya nini? Umefanya nini, Fesali?"

"Mwandiko wangu mimi mbaya," akasema, hana hata haya. "Ningefanyaje? Na maneno ni maneno tu, hayana mwenyewe. Maiti atayasoma?"

"Ile ilikuwa amana ya watu!"

"Ya watu?" Akaacha kutafuna. "Si uliniambia unalo wewe? Si uliniletea mwenyewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Nikauliza jambo la kijinga kuliko yote. Nikamuuliza, "Na posa?"

"Posa ipi?" akasema, akamgeukia mteja.

Siku ile na ya pili yake niligonga milango ya Malindi nzima. Shikamoo mama, samahani, mlinunua kadi ya Idi ya kijani? Wengine walinipa. Wengine walinicheka. Mmoja aliniambia yake ameipeleka Lamu, mwingine watoto wameichana. Nilivyovipata nilivitia kwenye mfuko wa plastiki, vipande tu, na kile cha "Baki, muradi" hakimo. Bi Zuhura ndiye aliyenifungua macho, masikini, wala hakujua ananiua.

"Ile nzuri kuliko zote hakuiuza," akaniambia. "Amempelekea mchumba wake Mnarani. Hukuwa na habari? Ameposa mwaka sasa, harusi ni mwezi wa Mfunguo Tatu."

Mchumba! Mwaka mzima ameposa, na mimi nakalishwa kiti dukani! Nilisalitiwa, nasema wazi, nilisalitiwa mchana kweupe na mtu niliyemwombea dua kwenye sala zangu. Lakini kila nikifungua mdomo nimlaani, laana inanirudia mwenyewe. Yeye alinidanganya mimi. Mimi nilimdanganya nani?

Nilikwenda Mnarani. Nikavuka Kilifi kwa feri, nikauliza nyumba, nikapokewa na msichana mpole, mdogo kuliko mimi, akanipa maji. Kadi ilikuwa imechomekwa kwenye kioo cha kabati. Nikaiona tangu mlangoni. "Baki, muradi", na ule mguu wa R.

"Nzuri, eh?" akasema, kwa haya. "Ameniandikia mwenyewe kwa mkono wake."

"Dada, huo si mkono wake," nikasema. "Ni wa marehemu mume wa shoga yangu. Nakuomba, nipe nimrudishie mwenyewe."

Uso ukambadilika. Akasimama baina yangu na kile kioo. "Na wewe ni nani kwake?"

Ni nani kwake? Sikuwa mchumba, sikuwa dada, sikuwa hata mdai. Nilinyanyuka nikaaga. Sijui kama aliniamini, na kama aliniamini ingemfaa nini wakati harusi imeshatangazwa. Kadi ile haikurudi.

Nilimpelekea Rukia ule mfuko na yale majalada. Nikamweleza yote, sikubakisha. Alikuwa akitoa vipande kimoja kimoja na kuvitandika mkekani, vile vile tulivyokuwa tukizitandika herufi. Kile cha "Mwenye nyumba amekataa" kilikuwemo, kimekatwa nusu. Akatafuta, akatafuta tena.

"Ile ya Idi yetu ya kwanza?"

"Haimo, Rukia."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema amechoka, anataka kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku ya kutoka eda, Mfunguo Pili, nilinunua doti ya leso na chupa ya marashi. Shoga wa karibu ndiye anayekuwapo kumkosha mwenzake, kumvisha na kumfukiza udi. Nikapita uani kama desturi. Mlango wa uani umetiwa komeo. Nikazunguka mbele nikapiga hodi. Mimi, hodi nyumba ile!

Bi Zuhura akafungua. Nikasikia nyuma yake wanawake wanacheka, na harufu ya udi inatoka chumbani. Wameshamkosha.

"Karibu, mwanangu," akasema, hanitazami. "Rukia amesema ukae sebuleni, utaletewa chai."

Baadaye akatoka mwenyewe, amependeza, mwembamba. Akanipa mkono. "Ahsante kwa kuja, dada. Kunywa, isipoe."

Dada! Tangu tuna miaka saba hakuwahi kuniita dada. Ningetamani anitukane. Ningetamani anirushie kile kikombe usoni! Ugomvi una suluhu yake, watu hugombana wakapatana. Heshima ile nitaipatanisha na nini?

Basi nawaasa mnaonisoma, hasa nyinyi wanawake wenzangu mnaoahidiwa mambo. Ukiwekewa kitu cha mtu, usikifungue kumwonesha mpenzi, hata kama ni karatasi za kuchezea. Wewe unaona karatasi, mwenzio anaona mumewe. Na mwanamume anayekupenda hatakuomba cha mwenzio ili akuoe. Mimi sikuolewa na huyo, na aliyekuja kunioa baadaye sikuwahi kumweleza kisa hiki. Majalada meusi ninayo mpaka leo, Rukia hakuyataka.

Idi iliyopita nilikwenda kumpa mkono, kama ninavyokwenda kila mwaka. Kulikuwa na wajukuu wake, akaniambia nikae. Chai ikaja kwenye sinia, kwa kikombe kizuri cha wageni chenye kisahani. Rukia, aliyekuwa akinitilia sukari tangu utotoni, akashika kijiko akaniuliza kwa upole natumia vingapi.