Sponji Nyeusi ya Mjomba

Kwa miaka ishirini na sita mjomba wangu alikuwa fundi wa kiwanda cha vitambaa, ambako nami nilikuja kuajiriwa. Tulimwita Daktari, nusu kwa heshima, nusu kwa kumtania, maana hakukubali mashine imfie mikononi. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu. Kila moja ilikuwa na bodi, na kwenye bodi kidude cheusi cha miguu mingi: chipu ya mtandao, inayopokea michoro ya vitambaa kutoka kompyuta ya ofisini. Ikifa, mashine haisikii tena. Na chipu zile hazitengenezwi siku hizi. Mpya hazikai kwenye bodi, na hata ukilazimisha, mashine haizitambui.

Tuliagiza kumi kutoka nje. Mjomba akazifuta kwa pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, maandishi yakatoka, na chini yake kulikuwa na maandishi mengine, ya chipu za aina nyingine.

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema.

Zikabaki tatu nzima, alizozing'oa kwenye bodi zilizokufa na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji nyeusi ndani ya droo. Wakati huo mashine tatu kubwa zilikuwa zimenyamaza, na meneja alishasema wazi: zisipoamka Ijumaa, idara yetu ya wanawake arobaini inafungwa.

Alhamisi nilimpelekea chai karakanani. Hakuwepo, alikuwa ukumbini kwenye mashine, anafungua bodi. Vumbi lile, droo ile kama jalala, vilinitia aibu. Kiherehere changu! Nikafagia, nikapanga. Sponji ilikuwa imechakaa, inaacha weusi vidoleni, nikaitupa. Chipu nikazipangusa kwa mtandio wangu wa nailoni, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, safi kabisa.

Ijumaa asubuhi akalehemu ya kwanza. Taa ya kijani ya bodi haikuwaka. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Akaniita.

"Sponji iko wapi, mwanangu?"

"Niliitupa, mjomba. Ilikuwa chafu."

Akakaa kwenye stuli. "Ile ndiyo iliyokuwa inazilinda. Ule umeme mdogo wa nailoni, unaolia ukivua sweta, wewe unakuchekesha. Chipu, umeme huo unaziua."

"Sasa tufanyeje?"

"Hakuna. Basi tena."

Nikaangua kilio. Akanibembeleza, akajifuta mikono, akatoka hadi ukumbini, meneja na wenzangu walipokuwa wakisubiri.

"Nimeziunguza mimi," akasema. "Nilizidisha moto."

Wakamporomoshea matusi. Fundi uchwara! Mzee gani hajui kustaafu! Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nami sikufungua mdomo. Naujutia mdomo ule kuliko mkono uliotupa sponji.

Siku hizi mjomba anabadilisha vioo vya simu nje ya mlango wake, wateja wa kuhesabu. Juzi nikiwa naye njiani tulikutana na aliyekuwa jirani yangu wa mashine kiwandani, mama wa watoto wanne, hajapata kazi tangu siku ile. Mjomba akamsalimia. Yule mama akatema mate chini, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa upole kama watu wa nyumbani hawajambo.

"Hawajambo," nikajibu.

Mjomba akanishika mkono. "Twende, mwanangu, jua kali."